Plasta ya Bata Chini ya Usukani

Asubuhi ya Jumamosi, mama Chiriku aliuchapa usukani kibao cha kwanza, gari likagoma. Akauchapa cha pili, likagoma. Cha tatu alikichapa kwa hasira tu, maana kwenye dashibodi alishakiona kile kitaa chekundu chenye umbo la ufunguo kikimkonyeza bila haya. Injini ilizunguka, ikakohoa, ikanyamaza.

Kabla ya hapo vibao vilikuwa vinatosha. Jua likiwaka sana gari lilikataa, lakini ukilipiga chini ya usukani, karibu na tundu la ufunguo, lilikubali. Yeye mwenyewe alijua kwamba gari linalotii vibao halina siku nyingi. Alikuwa anaahirisha tu.

Sasa hakukuwa na la kuahirisha. Chiriku, bintiye wa darasa la pili, aliitwa hivyo kwa sababu tangu alipojua kusema hajawahi kufunga mdomo, ila kifua chake kilikuwa na pumu. Kikibana, na dawa ya kuvuta isiposhika, kuna njia moja: kumbeba, kumlaza kiti cha nyuma, na kukimbia naye hadi zahanati iliyo ng'ambo ya mzunguko wa barabara. Mumewe alikuwa mchomeleaji wa mabomba huko mbali na alirudi nyumbani kwa likizo tu; wakwe zake, walioishi nao, hawakuendesha. Kwa hiyo kigari hicho, ambacho umri wake uliuzidi wa ndoa yao, ndicho kilichokuwa gari la wagonjwa la nyumba ile. Mama Chiriku hakulala vizuri likiwa limekufa uani.

Siku chache nyuma alishapeleka kesi yake karakana kubwa yenye vioo. Kijana wa kaunta alimsikiliza, akabofya bofya kompyuta, akasema, "Hiyo ni imobilaiza, mama. Mlinzi wa umeme. Gari halitambui ufunguo wako tena. Tutabadilisha kompyuta ya injini, swichi na funguo zote."

Akamtajia bei. Mama Chiriku akamtazama.

"Kaka, nimekuuliza bei ya kulitengeneza gari, sijakuuliza bei ya kulizika na kulizaa upya."

Akaondoka. Jumamosi hiyo, vibao viliposhindwa kabisa, ndipo akamwita Shoti.

Shoti alikuwa fundi umeme wa magari, mwanamke mwenye mikono mipana na mdomo usio na breki. Aliingia uani na begi lake la vifaa, akalizunguka gari kama mtu anayekagua ng'ombe wa mnada.

"Dada, mimi nikigusa waya, wenyewe unajitaja. Waulize mjini. Wale wa vioo wamekwambia kompyuta, sio?"

"Kompyuta, swichi na funguo."

"Na injini wamekuachia? Wana huruma. Lete ufunguo."

Mama Chiriku akatoa ufunguo mkobani. Ulikuwa mmoja tu; gari lilikuja na ufunguo mmoja tangu baba mkwe alipomkabidhi, macho yake yalipoanza kufifia. Kila siku ya kazi mama Chiriku aliondoka nao, ingawa mwenyewe alipanda basi la kampuni na gari likabaki nyumbani. Ndivyo alivyo: kitu chake kikae anapokiona.

Shoti akachomeka ncha ya bisibisi kwenye mshono wa kichwa cha ufunguo, ile sehemu ya plastiki nyeusi ya kushikia. Kikafunguka kama ganda la karanga. Akachungulia. Akakigeuza, akakigonga kiganjani.

"Chipu umeiweka wapi?"

"Chipu gani?"

"Humu ndani hukaa kidude kidogo cheusi, ukubwa wa punje ya mahindi. Hakina betri wala nini. Ukichomeka ufunguo, ile pete ya waya inayozunguka tundu inakiamsha, nacho kinataja namba yake. Kompyuta ikiisikia namba inaruhusu injini. Isipoisikia, utachapa vibao mpaka usiku." Akamwonyesha vile vipande viwili vya plastiki. Ndani mlikuwa na kijishimo cha mraba, kitupu, kisafi. "Hakijapasuka. Hakijadondoka. Kimetolewa."

Mama Chiriku akavichukua vile vipande, akavichungulia mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kutunza stoo ya vifaa vya maji. Stashahada yake ilitundikwa ukutani sebuleni, na siku nzima alishinda akijua koki ipi imetoka rafu ipi na nani kaichukua. Haikumwingia akilini kwamba kitu kimetolewa ndani ya mkoba wake asijue.

"Subiri," akasema. "Kama chipu haimo, hili gari limekuwa likiwaka kwa nini? Wiki iliyopita nimeliendesha. Juzi nimeliendesha."

Shoti akakuna kichwa kwa ncha ya bisibisi.

"Dada, hapo umeniuliza swali."

Akapiga magoti kwenye kizingiti cha mlango wa gari, akafungua skrubu za kava la plastiki linalofunika shingo ya usukani. Kava lilipolegea, kitu kikateleza kikaangukia kwenye zulia la miguuni. Wote wawili wakainama.

Ilikuwa plasta. Plasta ndogo ya kidonda, ya njano, yenye picha za vifaranga wa bata. Katikati yake, pale panapokaa pamba, kulikuwa na kidude cheusi ukubwa wa punje ya mahindi.

Mama Chiriku akaiokota. Zile plasta alizinunua yeye. Zilikuwa kwenye kopo juu ya friji, kwa ajili ya magoti ya Chiriku, ambaye asipowekewa bata hakubali kuoshwa kidonda.

"Mchezo wa zamani huu," alisema Shoti, sauti imeshuka. "Mtu ametoa chipu kwenye ufunguo, akaibandika humu karibu na pete. Basi gari linadhani ufunguo halali uko hapa masaa yote. Kipande chochote cha chuma kilichochongwa meno yanayofanana kinaliwasha. Ila aliyebandika hakuwa na gundi ya maana. Jua likipiga, gundi ya plasta inalainika, chipu inashuka, inakuwa mbali na pete. Ukichapa kibao inaruka kidogo, inasomeka. Leo imeanguka moja kwa moja." Akamtazama. "Nani mwingine ana ufunguo?"

"Hakuna."

"Yupo, dada. Mtu hahangaiki hivi kwa mapambo."

Mama Chiriku akaketi kwenye kiti cha dereva, miguu nje. Mambo madogo aliyokuwa akiyapita kila siku yalianza kumrudia. Mafuta yaliyokuwa yakipungua, naye akailaumu injini kwa uzee. Kioo cha pembeni cha kushoto kilichokwaruzwa, naye akamlaumu mumewe kwenye simu mpaka wakanuniana. Na kiti. Mara nyingi jioni akiingia garini magoti yake yaligonga dashibodi, akasema ni Chiriku anachezea, akakirudisha nyuma.

Kiti kilisogezwa mbele. Kwa hiyo alikuwa mtu mfupi. Mumewe alikuwa mrefu. Baba mkwe alikuwa mrefu kuliko mumewe. Mtu mzima mfupi nyumbani mwake alikuwa mmoja tu, mama mkwe, na huyo hakuwahi kuendesha hata toroli.

Akainuka bila kusema kitu, plasta kiganjani.

Jikoni, baba mkwe alikuwa mezani akichambua maharage kwa vidole. Mtaani waliendelea kumwita Mwalimu Klachi, maana alifundisha udereva miaka mingi, na watu wazima wenye mvi walikuwa bado wakimpungia mkono, ingawa sasa hakuwaona. Alichokiona, kwa maelezo yake, kilikuwa kama kutazama kupitia chupa ya maziwa. Mama mkwe alikuwa akipiga pasi sare za shule. Chiriku alikuwa chini, anapaka rangi picha na kuongea na picha hiyo.

Mama Chiriku akaiweka plasta mezani, mbele ya vidole vya baba mkwe.

Vidole vikaacha maharage. Vikaigusa plasta, vikaipapasa mpaka katikati, vikatulia.

"Imebanduka," alisema mzee.

Hakusema "hiki nini." Hakusema "sijui."

"Baba, ni wewe?"

"Mikono yangu. Macho ya mama yako."

Pasi ikawekwa wima. Mama mkwe alikuwa akitazama sare kana kwamba sare ndiyo itakayomtetea.

"Mama, umekuwa ukiendesha gari langu?"

"Kidogo."

"Kidogo ni wapi?"

"Uwanja wa mnada," alisema mama mkwe. "Siku ambazo hakuna mnada. Naenda mbele, narudi nyuma. Baba yako anasikiliza gia."

"Bibi anajua kurudi nyuma kuliko wewe," alisema Chiriku kutoka sakafuni. "Wewe unapiga honi tu."

Mama Chiriku akamgeukia mwanawe. Mtoto huyu hakuweza kutunza siri hata ya zawadi. Mwaka jana alimtangazia baba yake shati la sikukuu kabla halijatoka dukani. "Wewe ulikuwepo?"

"Mimi nakaa nyuma. Nafunga mkanda." Halafu, kwa sauti ndogo, "Bibi alisema ukijua utashtuka."

"Nimeshtuka," alisema mama Chiriku. Ilikuwa kweli. Mkwe asiyeona na mkwe asiye na leseni, ndani ya chuma kimoja, na mtoto wake nyuma kafunga mkanda. "Nimeacha mtoto kwa watu wazima. Wazee wangu, mlikuwa mnafikiri nini? Mngemgonga mtu? Mngejigonga nyinyi? Mimi ningepigiwa simu gani kule stoo?"

"Tulikupigia," alisema mama mkwe.

"Lini?"

Mama mkwe akaangalia upande wa mumewe, kwa mazoea tu, kwani mumewe hakuweza kuona kwamba anaangaliwa. Hata hivyo mzee akajibu.

"Siku ile uliyorudi na sukari."

Mama Chiriku aliikumbuka sukari. Ndani ya stoo, katikati ya mabati, simu haishiki. Alipotoka alikuta amepigiwa mara nyingi na mama mkwe. Akarudisha simu, moyo juu, mama mkwe akamwambia hakuna neno, alitaka tu kumkumbusha sukari. Akanunua. Alipofika akakuta kopo la sukari limejaa, akacheka, akasema kichwani mwake kwamba mama anaanza kusahau.

"Chiriku alibanwa," alisema mzee. "Mchana. Ile dawa ya kuvuta ilikuwa imekwisha, tunaitikisa haina kitu. Midomo ikaanza kubadilika rangi. Jirani wa kulia kazini, wa kushoto kazini. Dereva wa teksi tukampigia, akasema nakuja, asije. Na wewe simu haishiki."

"Gari liko uani," alisema mama mkwe, na sasa maneno yalimtoka haraka. "Mwanangu, gari liko pale uani linatutazama. Mimi naona, siwezi kuendesha. Yeye anaweza kuendesha, haoni. Nilitaka kulia. Kisha nikaona ufunguo juu ya friji. Siku hiyo uliusahau."

Kweli aliusahau. Mchana kutwa alipekua mkoba, na jioni alipoukuta juu ya friji alishukuru na kuyamaliza.

"Sasa?" aliuliza, ingawa hakutaka kusikia.

"Nikaendesha," alisema Mwalimu Klachi.

Shoti, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na bisibisi mkononi, akajishika kichwa.

"Gia ya kwanza mpaka zahanati. Mama yako kiti cha pembeni, mtoto mapajani. Anasema kushoto, nakata kushoto. Anasema simama, nasimama. Kwenye mzunguko akasema subiri, subiri, subiri, sasa. Nikaenda." Mzee akasukuma maharage kando. "Kioo kilikwaruza nguzo ya geti la zahanati. Kitu kingine hatukugusa. Nilimuuliza mara mia, tumegusa mtu? Akasema hapana."

Mama Chiriku aliketi. Alikuwa anauona ule mzunguko, malori yake, pikipiki zake, na baba mkwe wake akitazama mbele kupitia chupa ya maziwa. Na katikati ya woga huo huo alimwona Chiriku na midomo ya rangi ile, na yeye mwenyewe yuko kwenye foleni ya dukani ameshika sukari.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ungeuza gari," alisema mama mkwe. "Au ungeacha kazi. Au ungetutafutia pa kuishi kwingine. Wewe mwanangu ukiamua jambo hungoji mtu avae viatu."

Hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa sahihi.

"Tulikubaliana siku ile ile, tulipokwisha kulirudisha gari kwa gia ile ile," alisema mzee. "Mimi sitashika usukani tena. Lakini nyumba hii isikae mchana bila mtu anayeweza. Macho anayo yeye. Mengine nitampa mimi. Tukachonga ufunguo pale sokoni kabla hujarudi. Ufunguo wa bati tupu hauwashi, hilo nalijua, shule ya udereva tulikuwa na chipu moja na walimu kibao, tulibandika hivyo hivyo. Jumapili ulipokuwa unafua, tukafungua ufunguo wako. Gundi hatukuwa nayo."

"Mkaweka bata."

"Bata alichagua Chiriku."

Shoti akakohoa. "Samahani, wazee. Dada, niambie nifanye lipi. Naweza kuibandika tena pale pale kwa gundi ya kazi. Bure tu hiyo. Lakini mwizi yeyote mwenye bati ataondoka nalo, na yeyote humu ndani ataliwasha akitaka. Au nairudisha kwenye ufunguo wako, kila kitu kinakuwa kama zamani, na ule ufunguo wao wa sokoni unabaki wa kufungulia soda."

"Na la tatu?"

"Gari la zamani hili, chipu yake inanakilika. Kimashine ninacho. Natoa pacha, tunamtia kwenye ufunguo wao. Bei ya viatu vya shule. Vya mtoto, sio vyako."

Mama Chiriku akafikiri kidogo tu. "Rudisha kwangu kwanza. Pacha mtengeneze, unipe mimi mkononi."

Mama mkwe akashika pasi tena. Ilikuwa imepoa, lakini aliendelea kuipitisha juu ya sare.

Shoti aliirudisha chipu kwenye kijishimo chake, akafunga kichwa cha ufunguo, akapiga swichi. Kitaa chekundu kikawaka, kikazimika. Injini ikashika mara moja, bila kibao. Akanakili pacha kwa kimashine kinachofanana na simu ya zamani, akamtia kwenye ufunguo wa sokoni aliopewa na mama mkwe, akaujaribu nao, ukawasha, akamkabidhi mama Chiriku. "Wale wa vioo wasalimie," alisema, akachukua chake na begi lake.

"Ingieni garini," alisema mama Chiriku. "Wote."

Hakuna aliyeuliza wanakwenda wapi. Aliendesha mwenyewe, kimya, mpaka zahanati. Alitaka kuisikia habari ile kwa mtu wa getini au wa dirisha la mapokezi, mtu asiye na sababu ya kumtunza asishtuke.

Hakufika dirishani. Mlinzi wa geti alipoliona gari kwa mbali aliruka kutoka kwenye kiti chake, akainua kizuizi bila kuuliza, akaja mbio upande wa nyuma, mkono tayari kwenye kitasa.

"Kabanwa tena?"

Chiriku akateremsha kioo. "Leo siumwi. Leo tumekuja na mama."

"Tena?" aliuliza mama Chiriku. Aliuliza akitazama kioo cha ndani, na kiooni aliona nyuso mbili za wazee zimeinama. "Mara ngapi?"

"Mara mbili," alisema Chiriku. "Ya pili Bibi ndiye aliendesha. Hatukugonga kitu."

Mlinzi alitazama huku na huku, akaona ameingilia jambo la watu. "Bibi yupo vizuri," alisema. "Ila anaegesha mbali mno na ukuta." Akarudi kwenye kiti chake.

Mama Chiriku alishika usukani mpaka vidole vikauma. Mara mbili. Mara mbili mwanawe alikosa pumzi, mara mbili akavuka mzunguko ule, naye jioni akaulizwa habari za kazi akajibu nzuri. Alitaka kupiga kelele, hakujua ampigie nani. Akageuza gari.

Uwanja wa mnada ulikuwa mtupu, vumbi na mabanda wazi. Alisimamisha katikati, akazima, akateremka, akafungua mlango wa nyuma.

"Mama, shuka. Baba, pita mbele kiti cha pembeni."

Mama mkwe alishuka taratibu kama mtu anayeitwa polisi. Mama Chiriku akatoa mkobani ufunguo wa pili, ule wa sokoni, sasa ukiwa na pacha ndani.

"Jumatatu naomba ruhusa kazini, nakupeleka ukaandikishwe mafunzo ya leseni. Mpaka uipate, barabarani huingii isipokuwa kwa ajili ya kifua cha Chiriku. Na dawa za kuvuta zitakuwa mbili, moja juu ya friji. Na nikipigiwa simu, hamniambii sukari. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mwanangu."

"Haya. Nionyeshe."

Akaingia nyuma, akakaa kando ya mwanawe, akafunga mkanda. Moyo ulikuwa ukimdunda mpaka Chiriku akauwekea mkono. Mbele, mama mkwe alivuta kiti chake, tk, tk, tk, mpaka kifua kikakaribia usukani. Akatazama kioo cha ndani, cha kulia, cha kushoto chenye mkwaruzo. Akachomeka ufunguo. Kitaa chekundu kikawaka, kikamtambua, kikazimika.

"Klachi," alisema mzee, uso mbele, macho hayaoni kitu.

"Nimekanyaga."

"Gia."

"Ya kwanza."

"Mbele yetu kuna nini?"

"Hakuna kitu," alisema mama mkwe. "Peupe."

Mama Chiriku alishika kitasa cha mlango kwa mkono mmoja na mkono wa mwanawe kwa mwingine. Gari likaondoka, laini, bila kushtua hata mtu mmoja isipokuwa yeye.